Mugo Hakuimbiwa Wimbo

Ushuhuda una muundo wake, na ukilelewa kanisani unaujua kabla hujajua kusoma. Unaitwa mbele, unapewa maiki. Unasema Bwana asifiwe, watu wanaitika. Unarudia, wanaitika kwa nguvu zaidi. Unataja jina lako na kwamba unampenda Yesu kama mwokozi wako. Unaeleza ulikokuwa. Unaeleza ulipo sasa. Unamshukuru mchungaji pamoja na mke wake, unarudisha maiki, unakaa.

Jumapili moja mwaka jana nilikuwa nimekaa safu ya nyuma katika kanisa moja la mabati hapa Ruiru, upande wa Kihunguro. Walishuhudia watu wanne. Dada mmoja alikuwa amepata viza ya kwenda Qatar baada ya kukataliwa mara mbili. Mzee mmoja alikuwa amemaliza kulipia ploti ya hamsini kwa mia. Hati miliki alikuja nayo ndani ya bahasha ya plastiki, akaiinua juu sote tukaiona. Mama mmoja alikuwa ameruhusiwa kumtoa mtoto wake hospitalini. Kijana wa mwisho, rika langu, alikuwa amenunua gari. Tuliwapigia makofi wote wanne, na gari lilipata makofi kidogo zaidi kuliko mtoto. Hakuna hata mmoja aliyetaja dhambi.

Nilikuwa na sababu ya kukaa karibu na mlango, na nitaieleza. Lakini kwanza nataka tuusome ushuhuda vile tunavyosoma hadithi fupi au shairi, maana ni utanzu kama tanzu nyingine. Una kanuni zake, una historia yake, na kuna watu ambao hauwapi nafasi ya kusema. Kwa Wakenya wengi ndio utanzu wa kwanza kabisa wa kusimulia maisha yao wenyewe hadharani. Shule ilitufundisha insha. Kanisa lilitufundisha kusema "mimi".

Tuanze na kitenzi. Kiswahili kina kuokoa, kuokolewa na kuokoka. Kikombe kikivunjwa, kuna mtu amekivunja. Kikivunjika, kimevunjika tu, hatuulizi ni nani. Ndivyo ilivyo kwa kuokoka. Mtu akitoka hai kwenye matatu iliyobingirika pale Juja, ameokoka. Nyumba ikiungua akaruka dirishani, ameokoka. Mkristo wa Ruiru akisema "nimeokoka" anatumia kitenzi hicho hicho cha manusura, kitenzi kisichomtaja aliyefanya kazi. Kikuyu cha mama yangu hufanya vivyo hivyo: kũhonoka. Kiganda nacho kina kulokoka, na ndiko lilikotoka jina Balokole.

Nalipenda neno hili kwa sababu lina unyenyekevu ndani yake. Manusura hajigambi kwa kuwa hai. Lakini pia lina mtego. Kwa kuwa halimtaji mwokozi, ni rahisi msemaji kukalia kiti chake. Sikiliza vizuri ushuhuda wa siku hizi uangalie nani ndiye mtenda. Nilifunga siku ishirini na moja. Nilipanda mbegu. Nilikataa kushindwa. Mungu anatokea mwishoni kama mtu wa boda aliyeleta mzigo ulioagiza.

Mafundisho yenyewe yana mpangilio mwingine. Katika barua yake kwa Warumi, sura ya tano, Paulo anajenga hoja nzima juu ya wakati. Kristo aliwafia watu lini? Wakiwa bado wenye dhambi, kabla hawajajisafisha, kabla hata hawajaomba. Upendo ulifika kwanza. Mabadiliko yanafuata, na hata yakichelewa, upendo umeshafika. Uhuru kutoka dhambini, kwa Paulo, hautoki kwenye juhudi ya mtu. Ni zawadi aliyoikuta mlangoni. Ukiugeuza mpangilio huo hubaki na Ukristo. Unabaki na kibarua chenye nyimbo.

Na ushuhuda wa leo umeugeuza. Gari linakuja kwanza, halafu ndipo tunajua Mungu anakupenda. Sasa asiye na gari afanye nini? Anangoja zamu yake. Anakaa safu ya nyuma.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Muundo huu tuliurithi kutoka kwa Uamsho wa Afrika Mashariki, uliochipuka Gahini, Rwanda, mizizi yake mingine ikiwa Uganda. Mwaka wa 1929 daktari Mwingereza Joe Church na Mganda Simeoni Nsibambi walikutana Namirembe, Kampala, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Mwaka wa 1937 kikosi cha Uamsho kikaja kuhubiri Kabete, na kutoka hapo moto ukaingia Kiambu na Murang'a. Waliouingia waliitwa ahonoki.

Walichofanya ahonoki kiliwaudhi watu wengi wenye heshima zao. Mtu alisimama mbele ya wenzake akataja dhambi kwa jina lake. Nimeiba. Nimezini. Nimemchukia ndugu yangu miaka kumi. Waliita hiyo kutembea nuruni. Wazee waliona ni mambo ya ndani ya nyumba yanaanikwa kwenye kamba ya nje. Mwanahistoria Derek Peterson, katika kitabu alichokitoa mwaka wa 2012 kuhusu Uamsho huu, anaonyesha jinsi maungamo hayo yalivyowakera waliokuwa wakijenga heshima na umoja wa makabila yao. Jamii inayojitengenezea sura nzuri haitaki watu wanaosema ukweli ovyo.

Mtu alipomaliza kuungama, wenzake walimwimbia Tukutendereza, kile kiitikio cha Kiganda ambacho hadi leo utakisikia mazishini kote Kiambu. Angalia muundo wa hapo. Sehemu ndefu ya hadithi ilikuwa ile ya "ulikokuwa", na dhambi ilikuwa na jina. Na kile kilichofunga hadithi hakikuwa kitu ambacho msemaji amepata. Kilikuwa wimbo, yaani watu waliobaki naye baada ya kumsikia.

Aliyeona mapema jinsi muundo huu unavyoweza kuoza ni Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyetuaga Mei 2025. Caitaani Mũtharaba-inĩ aliiandika akiwa mfungwa bila kushtakiwa katika gereza la Kamiti, mwaka wa 1978, kwenye karatasi za chooni. Kamiti si mbali na ninapoishi. Kitabu kilitoka 1980, na mwaka wa 1982 kikatoka kwa Kiswahili, Shetani Msalabani. Kama ulikisoma shuleni kwa ajili ya mtihani tu, kirudie.

Humo ndani wezi na wanyang'anyi wa kisasa wanakutana pangoni Ilmorog kushindana nani bingwa. Msimamizi anafungua kwa kusimulia mfano wa talanta. Kisha mmoja mmoja anapanda jukwaani kutoa ushuhuda, na ndivyo unavyoitwa, ushuhuda. Kila mshindani anataja jina lake, makazi yake, wake zake, wapenzi wake na magari yake, kabla ya kueleza alivyoanza kuiba. Gĩtutu wa Gataangũrũ anasimulia alivyochukua mkopo benki, akanunua shamba, akalikatakata vipande na kuwauzia watu wenye kiu ya ardhi. Halafu anatoa wazo jipya: siku moja udongo uuzwe kwa vikopo, na hewa nayo itafutiwe namna ya kuuzwa.

Hapo kwa vikopo nilipafikia nikiwa kwenye matatu kutoka Thika. Niliinua macho nikaona mabango ya ploti yamesimama mahali palipokuwa na kahawa, nikacheka peke yangu hadi makanga akaniangalia. Ngũgĩ alikuwa ameona kwamba ukiondoa toba kwenye ushuhuda, ukabakisha jukwaa, jina na makofi, kitu chochote kinaweza kuingia humo, hata wizi. Wezi wa Ilmorog hawakosei kanuni hata moja ya utanzu huu. Wanasema walikokuwa na walipo sasa.

Lakini kejeli ina mwisho wake. Yule mama aliyeshukuru kwa mtoto kutoka hospitalini si Gĩtutu. Mtu anayeishi bedsita ya elfu sita, akaamka tarehe tano akakuta kodi imelipwa, ameokoka kwa maana kamili ya neno, na hakuna mhakiki mwenye haki ya kumnyang'anya maiki. Ni rahisi sana kwa mtu kama mimi, aliyesoma vitabu viwili, kuwacheka watu kwa kumshukuru Mungu kwa vitu. Vitu ndivyo wanavyokosa. Shida yangu ni nyingine. Jumapili hiyo hiyo hapakuwa na nafasi ya mtu aliyetaka kusema: mimi niko vile vile, na nimefanya ubaya.

Ndiyo maana kitabu ninachokirudia zaidi ni A Grain of Wheat, cha mwaka wa 1967, wakati Ngũgĩ alipokuwa bado akiandika kwa jina la James Ngugi. Jina la kitabu limetoka kwenye Biblia, kwa ile mbegu ambayo lazima ife ndipo iote.

Ni siku chache kabla ya Uhuru, Desemba 1963, kijijini Thabai. Wanakijiji wanataka Mugo awe msemaji mkuu kwenye sherehe ya kumkumbuka Kihika, mpiganaji wa msituni aliyenyongwa na serikali. Kwao Mugo ni shujaa. Alipigwa kwa kumtetea mwanamke handakini, na kizuizini aliteswa bila kusema kitu. Wanamtungia nyimbo. Hawajui jambo moja tu, kwamba Mugo ndiye aliyemuuza Kihika kwa mzungu. Anapokataa kuhutubu wanadhani ni unyenyekevu, na sifa yake inapanda.

Siku ya sherehe, Jenerali R. anamtaka msaliti ajitokeze. Kila mtu anajua anayekusudiwa ni Karanja, aliyekuwa askari wa serikali. Mugo anaenda mbele na kusema ni yeye. Na hapa Ngũgĩ anaandika jambo ambalo sijaliona likisemwa vizuri hivyo kwenye mahubiri yoyote. Maneno yanapomtoka tu, Mugo anajisikia mwepesi. Mzigo wa miaka umeshuka. Yuko huru. Hali hiyo inadumu dakika moja. Akimaliza kusema, kimya cha umati na ule wepesi wenyewe vinamwelemea. Watu wanampisha bila kumtazama. Hakuna anayeanzisha wimbo.

Nilipokuwa nasoma mara ya kwanza nilidhani kisa hiki kinasema kwamba kuungama hakusaidii. Sasa nadhani kinasema kitu kigumu zaidi. Uhuru wa Mugo ni wa kweli, ila hauna pa kukaa. Amefanya upande wake wote wa ushuhuda, bila gari, bila hati miliki, dhambi ikiwa na jina na jina likiwa la mtu waliyempenda. Upande uliokosekana ni wa wasikilizaji. Wakati akiwa mwongo walimwimbia. Alipokuwa mkweli walinyamaza, na baadaye Jenerali R. na Luteni Koina wakaenda kumchukua. Wambui, mmoja wa waliohusika kumhukumu, anabaki kwenye kibanda chake akijiuliza kama hawakukosea.

Ngũgĩ haandiki haya bila kumjua mpinzani wake. Katika riwaya hiyo hiyo ameweka ungamo lingine, la Mchungaji Jackson Kigondu, anayesimama kanisani na kushuhudia kwamba ameguswa na Uamsho. Jackson anakuwa kiongozi wa wahonoki upande wa Rung'ei, kundi ambalo serikali inaliruhusu kukutana wakati wa Hali ya Hatari. Anahubiri dhidi ya watu wa msituni, anaonywa, anaendelea, anauawa kwa mapanga. Maungamo mawili, basi. Moja linaruhusiwa na mkoloni, lingine linaharibu sherehe ya Uhuru. Ni wazi Ngũgĩ anaamini lipi.

Hapo ndipo ninapotofautiana naye. Jackson anapewa kurasa chache na anakufa akiwa karibu kama kipaza sauti cha wazungu. Ahonoki wa kweli walikuwa wagumu kueleweka kuliko hivyo. Wengi walikataa kiapo cha Mau Mau wakisema wameshakunywa damu ya Kristo na hawawezi kunywa nyingine. Wengi hao hao walikataa pia bunduki ya serikali. Kwa hiyo walichukiwa pande zote mbili, na baadhi yao waliuawa. Mtu wa aina hiyo, anayeamini amependwa kiasi cha kukataa kuua kwa ajili ya yeyote, hayumo Thabai. Laiti angekuwamo siku ya mkutano, amesimama katikati ya umati. Sina hakika kwamba kimya kingekuwa kile kile.

Ila simlaumu Ngũgĩ sana. Machi 1970 alialikwa kuhutubia mkutano mkuu wa kanisa la PCEA, Nairobi, akaanza kwa kuwaambia kwamba yeye si mtu wa kanisa, na si Mkristo. Alipomaliza, mzee mmoja aliyejaa hasira alimwelekezea bakora akamwambia: wewe ni Mkristo, si unaitwa James? Ngũgĩ mwenyewe ndiye aliyesimulia kisa hicho, na baadaye akaliacha jina. Mimi huwa namfikiria yule mzee. Alichoona ni kwamba jina ulilopewa kanisani halitoki kwa hotuba. Nadhani alikuwa na hoja. A Grain of Wheat ni kitabu cha mtu asiyeamini ambaye hawezi kuacha kuuliza swali la waumini: nikisema nilichofanya, kuna atakayebaki?

Sasa sababu ya kukaa nyuma.

Mwaka wa 2019 kanisa la mama yangu, Makongeni, Thika, lilinifanyia harambee ya karo ya chuo kikuu. Mama huuza nguo za mtumba. Baba hayuko. Akina mama wa kanisa walichanga mia mia, mia mbili mbili, na mweka hazina wao akaandika kila jina kwenye daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Mwaka wa pili nikaanza kubeti. Mwanzoni pesa ya matumizi, kisha karo ya semesta moja, kisha ya pili nikijaribu kurudisha ya kwanza. Nikatolewa kwenye orodha ya wanafunzi. Sikumwambia mtu. Nilihamia Ruiru, nikaanza kuwaandikia insha wanafunzi wa Marekani kwa malipo, yaani mimi niliyeacha chuo nikawa nawasaidia wengine wasiache. Kila mwisho wa mwezi mama alipiga simu kuuliza masomo, nami nikamwambia yanaenda vizuri. Nilimwambia hivyo miaka miwili na zaidi.

Kisha kanisa lake likapanga Jumapili ya vijana, na wakanitaka nishuhudie. Mtoto wetu wa chuo. Nilikataa. Mama akawaambia kijana wake hapendi kujionyesha, wakanisifu kwa hilo. Wakaniita tena. Usiku huo nilishika A Grain of Wheat na sikuweza kuvuka zile sura wanapomwendea Mugo nyumbani kumbembeleza. Nilikuwa naandika insha kuhusu kitabu hicho hicho, ya mwanafunzi wa Ohio, dola thelathini na tano.

Sikwenda jukwaani. Ningependa kukuambia nilikuwa na ujasiri wa Mugo lakini sikuwa nao. Nilienda Thika Jumamosi, nikamwambia mama jikoni. Alizima jiko. Hakusema kitu hadi jioni. Jumanne iliyofuata akanipeleka mwenyewe kwenye ushirika wa akina mama, nyumbani kwa mmoja wao, akaniambia: waambie vile umeniambia.

Nikawaambia, na nilisema kubeti, sikusema "changamoto". Palikuwa na wanawake kumi na mmoja. Kikawa kile kimya nilichokisoma. Na naweza kuthibitisha kwamba Ngũgĩ hakubuni: kuna wepesi, na kuna sekunde chache baada yake ambapo wepesi huo unataka kukuua.

Kulikuwa na shosho mmoja kwenye kona, mhonoki wa zamani, wale wa leso nyeupe. Akaanza Tukutendereza peke yake, sauti imekauka, nusu ya toni chini. Wawili wakajiunga. Wengine hawakuimba. Mama hakuimba. Wimbo ulipoisha, mweka hazina alifungua daftari, akasoma jumla, shilingi 87,400, akauliza nitakuwa nalipa ngapi kwa mwezi. Nikasema elfu mbili. Akaandika.

Niliudhika kidogo, nikubali. Sehemu yangu moja ilikuwa imengoja kuambiwa kwamba deni limefutwa, maana si ndivyo tunavyoimba? Njiani kurudi nikamwuliza mama kama amenisamehe. Akasema, "Mungu amekusamehe. Mimi bado."

Nimelifikiria jibu hilo kuliko mahubiri yoyote. Kuna watu watasema mama hajaelewa neema. Mimi naona amelielewa jambo moja kuliko kanisa la Kihunguro na kuliko umati wa Thabai. Hakujifanya kwamba upendo wa Mungu umemaliza kazi yake yeye. Na hakutumia kazi yake iliyobaki kukana kwamba Mungu ameshapenda. Aliacha vitu viwili visimame pamoja: nimeshapendwa, na bado kuna mtu ameumia.

Kuna mahali kwenye A Grain of Wheat ambapo nilikuwa napapita haraka. Ni mwishoni, hospitalini. Gikonyo na Mumbi ni mume na mke waliosalitiana kwa namna zao wakati wa Hali ya Hatari. Yeye aliungama kiapo ili arudi nyumbani, akamkuta ana mtoto wa Karanja. Ungamo la Mugo limemgusa Gikonyo; anasema ni wachache kwenye mkutano ule wanaostahili kumrushia mtu huyo jiwe. Sasa anataka yeye na mkewe waanze upya. Mumbi hakatai. Ila anamwambia kwamba yaliyopita kati yao ni mazito mno kuvukwa kwa sentensi moja. Itabidi waongee, wafunguliane mioyo. Gikonyo anabaki akiwaza kigoda atakachomchongea, na anabadilisha mchoro wake kichwani: atachonga mwanamke mjamzito.

Wahakiki wengi hulisoma hilo kama tumaini la taifa jipya. Ni sawa. Mimi siku hizi nalisoma kama sehemu ya ushuhuda ambayo hatujawahi kupewa maiki ya kuisema, ile inayokuja baada ya wimbo. Mugo alipata dakika moja ya uhuru kwa sababu hakuna aliyemwambia "bado". "Bado" ni neno la mtu ambaye hajaondoka.

Nimelipa miezi tisa. Juzi mweka hazina alinitumia ujumbe kwamba daftari limejaa, amenunua lingine, na ameanza kwa kuhamisha jina langu na salio. Mama hupiga simu kila mwisho wa mwezi kama zamani. Huniuliza nimetuma, namwambia nimetuma, halafu anauliza tena, kwa sababu ana haki ya kuuliza mara mbili.